Daftari la mahudhurio: rafiki wa binti, hatari kwa mwenzake

Nikitembelea kikundi cha vijana kufanya tathmini, kitu cha kwanza ninachoomba ni daftari la mahudhurio. Mitaala nimeisoma mingi na karibu yote inafanana: kujitambua, afya ya uzazi, kuweka akiba, kujua kusema hapana. Daftari ndilo linaloniambia kama mradi uko hai.

Kwa mabinti, daftari ni jicho. Binti wa miaka 13 amekuja wiki tisa mfululizo, kisha mstari wake unabaki mtupu mara mbili. Mlezi wa kikundi anayeijua kazi yake hangoji mara ya tatu. Jioni hiyohiyo anapiga hodi kwao. Mara nyingi ni mdogo wake anaumwa na hakuna wa kumwangalia. Mara nyingine posa imeshaletwa, na hizo wiki mbili ndizo muda wote uliobaki wa kuzungumza na wazazi.

Ndiyo maana miradi mizuri ya mabinti huwaingiza wazazi tangu siku ya kwanza. Berhane Hewan, mradi ulioanza mwaka 2004 katika eneo la Amhara nchini Ethiopia, uliwapa mabinti vikundi na vifaa vya shule, na familia iliahidiwa mbuzi endapo binti angehudhuria vizuri na kumaliza miaka miwili bila kuolewa. Kwa wenye miaka 10 hadi 14, ndoa zilipungua sana ukilinganisha na eneo lisilokuwa na mradi. Kwa wa 15 hadi 19 hazikupungua. Mimi hapo nasoma jambo moja: tunawahi kwa wadogo, kwa wakubwa tunafika posa ikiwa imeshajibiwa.

Sasa chukua daftari hilohilo, ulipeleke kwenye kikundi cha vijana wa LGBTQ, yaani wanaopenda jinsia yao au ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Jina kamili, umri, jina la mzazi, namba ya simu, saini. Katika zaidi ya nchi 60 mapenzi ya jinsia moja bado ni kosa la jinai, na hata pasipo na sheria hiyo, karatasi moja yatosha kumfukuzisha mtoto nyumbani.

Nililijua hili kwa kukosea. Nilitengeneza fomu moja kwa vikundi vyote viwili, kwa uvivu tu wa kujumlisha takwimu. Jioni moja karatasi ilisahaulika juu ya meza ya ukumbi tuliokuwa tukiutumia pamoja na watu wengine. Wiki iliyofuata, kati ya vijana 14 walikuja watatu. Mmoja wa wasiokuja alinitumia ujumbe: “Nani mwingine ameliona jina langu?” Sikuwa na jibu.

Je, mzazi awekwe kando basi? Hapana, na hapa wenzangu wengi huteleza. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake huko California, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa vijana waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 8 wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo. Familia ina uzito mkubwa kwa makundi yote mawili. Kinachobadilika ni nani anashika mlango. Kwa binti, mimi naweza kubisha hodi. Kwa kijana wa LGBTQ, hodi ni yake, siku atakayoamua yeye, nami niko nyuma yake.

Kisha kuna yule ambaye fomu zetu humsahau: binti anayependa wasichana, aliyekaa kimya katikati ya kikundi cha mabinti. Jina lake liko daftarini, mama yake ananifahamu kwa sauti. Siku atakayosema, kila nilichojenga na mama yake kinaweza kumgeukia. Kwa hiyo walezi wote, wa kikundi chochote, hutamka mapema kipi kitabaki chumbani na kipi hakiwezi kubaki, kwa mfano mtoto akiwa anadhulumiwa. Kutamka baada ya siri kutoka ni usaliti.

Siku hizi kikundi cha LGBTQ hakina daftari. Kuna kopo mlangoni na kete. Kila anayeingia anatumbukiza moja, mwisho tunahesabu na kuandika idadi. Mfadhili mmoja alilalamika kwamba kete haziwezi kukaguliwa. Nilimjibu kuwa hilo ndilo lengo.

Lakini asiyeonekana tutamtafutaje? Kila kijana huchagua mwenyewe, siku ya pili au ya tatu, atafutwe vipi na kwa maneno gani. Mwingine hataki kutafutwa kabisa, na tunaheshimu. Mmoja alichagua ujumbe usemao “Kitabu chako kimefika.” Niliutuma mara moja tu. Alijibu baada ya siku mbili: “Nitakifuata Jumamosi.”