Namba iliyomponza Fermat

Chukua mbili 32, zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Utapata 4,294,967,297: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Wanaoshughulika na kompyuta wanaijua sana ile iliyo chini yake kwa moja, maana ndiyo idadi ya namba zinazoandikika kwa biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1. Hiyo tuiache. Yenye kisa ni hii yenye moja ya ziada.

Ukiitazama utadhani ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, ambayo haigawanyiki kwa 3. Basi nayo haigawanyiki kwa 3. Jaribu 7, 11, 13: kila mara baki lipo.

Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hisabati kuliko kesi, aliamini katika karne ya 17 kwamba ni tasa. Tusimcheke. Ukifanya hesabu ileile kwa mbili moja, mbili 2, 4, 8, halafu 16, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Nani asingedhani ya sita itafuata nyayo? Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Tangu hapo hakuna tasa nyingine ya ukoo huo iliyopatikana.

Kuna namba tasa zaidi ya 6,500 zilizo chini ya 65,536, ambayo ikizidishwa yenyewe inapungua 1 tu kufika namba yetu, na mtu angeweza kuzijaribu moja moja hadi achoke. Euler alieleza njia fupi: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo wanaobaki mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, na wa tano ni 641.

Hata kugawanya si lazima. 640 imepungua 1 tu kufika 641, kwa hiyo 640 ikizidishwa yenyewe, ziwe nne, zao lake linabakiza 1 kwa 641. Lakini 640 ni 5 mara mbili saba zilizozidishwa pamoja. Zao hilo basi ni 625 mara mbili 28. Nayo 625 imepungua 16 kufika 641, na 16 ni mbili nne. Weka pungufu ya 16, yaani -16, mahali pa 625: pungufu ya mbili 32 inabakiza 1. Ongeza 1 kwenye mbili 32, baki linakuwa sifuri.

Mimi lakini nashangazwa zaidi na jambo jingine. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, yaani namba mbili kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, kwa njia zaidi ya moja. Hii yetu, kwa jinsi ilivyoundwa, ni 65,536 mara 65,536 ukijumlisha 1 mara 1. Sasa zidisha 62,264 kwa yenyewe, kisha 20,449 nayo kwa yenyewe, ujumlishe: 3,876,805,696 na 418,161,601 zinatoa 4,294,967,297 ileile. Anayeona jozi hizo mbili anajua si tasa, hata kama 641 hajaisikia.