“Nimwache ateseke?”

Wiki hii nimelisikia tena swali hili, kila nilipoomba mtoto aachiwe afanye mwenyewe, kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana: “Daktari, sasa nimwache ateseke?” Wa mwisho alikuwa mama wa Uyole, mwanawe ana miaka 7 na mtindio wa ubongo. Nilimwuliza nani kamvalisha mtoto asubuhi. Yeye. Uji kamnywesha nani? Yeye. Na sweta alimvua yeye, mbele yangu, kabla mtoto hajainua hata mkono.

Dhana yenyewe ni kwamba mtoto mwenye ulemavu akifanyiwa kila kitu ndiyo kapendwa, halafu sisi wa tiba kwa vitendo, tunaomfundisha mtu kazi za kila siku kama kula na kuvaa, tumrekebishe kwa dakika 40. Haiwezekani! Mtoto hujifunza kazi kwa kuirudia kazi yenyewe. Asiyeshika kijiko hajifunzi kula kwa kunyooshwa vidole kitandani. Mimi namwona mara moja kila wiki mbili. Nyumbani, katikati hapo, kuna asubuhi 14 za kuvaa.

Baridi ya Mbeya ya Juni naijua, na daladala haimsubiri mtu. Ndiyo maana sisemi aachiwe sweta zima ahangaike nalo. Anzeni mwishoni. Mpitishe kichwa na mikono yote miwili, lishushe hadi kifuani, kisha ondoa mikono yako. Yeye alivute mpaka kiunoni. Akishazoea, mwachie na mkono wa pili, mrudi nyuma hatua kwa hatua hivyo hivyo, ila anayemaliza awe yeye kila mara. Mkono dhaifu uingie kwanza wakati wa kuvaa, utoke mwisho wakati wa kuvua. Na akae kwenye stuli fupi, nyayo zikanyage sakafu, mgongo uegemee ukuta, maana mtoto anayeogopa kuanguka mikono yake yote iko kwenye kujishikilia. Pale sokoni Mwanjelwa mchagulieni sweta pana la shingo kubwa. Waleteao watoto masweta ya kubana kwa kuwa ni mazuri hunichosha kabisa.

Tulijaribu palepale. Kijana akavuta, likakwama ubavuni, mama akanyoosha mkono. Nikamwomba asubiri. Nilihesabu kimoyomoyo hadi 20, na sweta likashuka.

Na mengine ninayoambiwa na wazazi: “Hapa mnacheza tu.” Tunacheza, ndiyo. Mtoto anayepukuchua mahindi anatumia kidole gumba na cha shahada, vilevile vitakavyoshika kifungo na penseli. Maharage ya kuchambua nayo yanafaa, mradi awe ameshaacha kutia vitu mdomoni.

“Alazimishwe kutumia mkono wa kulia.” Wa kushoto mwacheni na kushoto kwake. Ninayemhofia ni mtoto ambaye hajatimiza mwaka naye tayari anatumia mkono mmoja tu, wa pili kaukunja ngumi. Huyo mleteni mapema, msingoje.

“Ni mkaidi, anakataa sweta.” Wako watoto wenye usonji ambao sufu huwawasha kweli, kama waliopakwa upupu. Mvalishe fulana ya pamba ndani, kata na lebo ya shingoni, kisha tuone kama ukaidi bado upo.

“Si ni fiziotherapia ileile?” Tunashirikiana nao, lakini wao wakimsaidia asimame, mimi nauliza akishasimama ataweza kunawa uso na kupandisha suruali?

Mkija, basi, njooni na kikombe na kijiko anachotumia nyumbani. Na mtoto avae nguo zake za kila siku, si zile za Jumapili.