Urejesho baada ya hasara na majuto: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mabango ya mikesha, kuanzia Likoni hadi Bamburi hapa Mombasa, hayakosi neno urejesho, na aya ipendwayo ni Yoeli 2:25, ile ya miaka iliyoliwa na nzige. Tumaini lenyewe ni la kweli. Yaliyobandikwa juu yake ndiyo yenye walakini.

Dhana: Nitarudishiwa kilekile nilichopoteza, tena maradufu.

Ayubu afanyiwe hesabu yake vizuri. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, punda 500 wakawa 1,000. Watoto je? Alifiwa na kumi, akapata kumi wengine. Hakuna aliyerudi kutoka kaburini. Halafu kuna Ayubu 42:11, mstari ambao wahubiri huuruka: ndugu na marafiki walikuja kula naye na kumfariji, kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Urejesho wake ulipitia pia mikononi mwa watu.

Yoeli naye amejieleza mstari mmoja kabla: sakafu zitajaa ngano, mashinikizo yatafurika divai na mafuta. Kinachorudi ni mavuno. Umri haurudi. Baba aliyewatelekeza wanawe hatawapata tena wakiwa wadogo. Aombee, na aufanyie kazi, uhusiano nao wakiwa watu wazima.

Dhana: Anayelia msibani hana imani.

Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro hali akijua atakalofanya. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Na hapa kwetu, mmisionari Mjerumani Krapf alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Kaburi lingali Nyali.

Dhana: Nimeshatubu kwa Mungu, kwa hiyo yameisha.

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi, hasa wenye vyama vya akiba. Walawi 6 inasema aliyechukua mali ya mwenzake airudishe yote na kuongeza sehemu ya tano, siku ileile anapoleta sadaka ya hatia. Kwa shilingi 50,000 za chama, hiyo ni 60,000. Zakayo aliahidi mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 inamtoza mwizi wa kondoo. Mkristo hatozwi asilimia kwa sheria hiyo leo, lakini mwelekeo wake haukufutwa.

Anza na karatasi: nani, nini, kiasi gani, lini. Usikisie kiasi, maana uliyemkosea anakikumbuka mpaka senti. Nenda kabla hajasikia kwa mwingine, ukiwa na sehemu ya pesa mkononi, na ulitaje kosa lenyewe: "Nilichukua pesa za chama mwezi wa Machi." Ile "kama nilikukosea, samahani" inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. Huna zote? Andikianeni awamu, tuseme 5,000 kwa miezi 12, na shahidi atie sahihi. Wengi huharibu hapa: kwa aibu wanaahidi 20,000 kwa mwezi, wanalipa mara moja, kisha simu inazimwa. Mwenye pesa sasa amekosewa mara mbili. Akiwa amefariki, walipwe warithi wake.

Kuna pa kutokwenda. Ukiwa ulimpiga mtu au kumdhulumu mwili, usimfuate kwake. Tuma neno kupitia mtu anayemwamini, na akikataa kukuona, kaa mbali.

Pia msamaha si kurudishiwa funguo. Mweka hazina aliyesamehewa anaweza asikabidhiwe tena kitabu cha chama, na hajaonewa. Daudi aliambiwa dhambi yake imeondolewa, na matokeo yake bado yakaikuta nyumba yake.

Dhana: Sadaka kubwa hufungua urejesho.

Mathayo 5:23-24: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Anayepeleka deni la jirani yake kwenye bahasha ya mbegu, yaani sadaka ya kutarajia baraka, anatoa mali isiyo yake.

Dhana: Kujilaumu bila kukoma ndiyo toba halisi.

Yuda alijuta, akakiri, akarudisha vipande vyote 30. Lakini aliwapelekea makuhani, ambao walimwambia hayo hayawahusu, naye akaondoka peke yake kwenda kujinyonga. Petro alimkana Bwana mara tatu akalia kwa uchungu, ila alibaki na wenzake. Yohana 21 inamkuta ziwani na wanafunzi wengine sita. Anaulizwa mara tatu kama anampenda Yesu, na kila anapojibu anapewa kazi ya kulisha kondoo.

Kwa hiyo anayejuta apewe watu wa kukaa nao na jukumu dogo la kila wiki, si mahubiri tu. Asipolala wala kula vizuri kwa majuma mawili, amwone daktari. Akitaja kufa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa na mtu wa kumsindikiza. Maombi yataendelea hukohuko wodini.