Kimbunga kilipo ndipo masika yanapoelekea

Mwezi Machi mkulima wa Afrika Mashariki hutazama mawingu akingoja masika, ilhali sehemu kubwa ya jibu analolitafuta iko mbali naye, juu ya Bahari ya Hindi na misitu ya Kongo. Masika huletwa na ukanda mvua, yaani eneo zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini, ambao wakati huo hurejea kuelekea ikweta ukilifuata jua la utosi. Safari hiyo haina ratiba ya kudumu, kwa kuwa mifumo mikubwa ya hewa huweza kuiharakisha au kuichelewesha.

Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita pwani ya mashariki ya Madagaska. Kimbunga cha kusini mwa ikweta huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwa hiyo upande wake wa kaskazini upepo huvuma kutoka magharibi. Pepo zetu za kawaida hutoka mashariki. Mara hii hewa yenye unyevunyevu mwingi ikavutwa kutoka bonde la Kongo, na ilipopandishwa na nyanda za juu zinazozunguka Ziwa Victoria ikapoa na kumwaga mvua. Kenya ilipata mafuriko makubwa msimu huo. Upepo huu wa magharibi hutokea kwa urahisi zaidi pale kundi kubwa la mawingu lililoelezwa na wanasayansi wa hewa Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971, ambalo huizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60, linapokuwa juu ya Bahari ya Hindi.

Mwaka uliofuata, mwezi uleule, kimbunga kilikuwa upande wa pili wa Madagaska. Idai ilikua katika Mlango wa Msumbiji, ikaupiga mji wa Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, na watu zaidi ya 1,000 wakafariki Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Unyevunyevu ulivutwa kusini, huku Kenya na sehemu kubwa ya Tanzania zikikaukiwa na masika yakichelewa.

Utabiri wa msimu, ambao hutolewa kabla ya masika, hauwezi kutaja kimbunga ambacho bado hakijazaliwa. Mwendo wa lile kundi la mawingu linaloizunguka dunia, hata hivyo, huweza kufuatiliwa wiki mbili au tatu mbele, na kwa anayepanga siku ya kupanda mbegu taarifa hizo za muda mfupi zina uzito mkubwa sana.