Jeraha la kutumika mno: maana yake, na linavyotofautiana kati ya mchezo na mchezo

Kundi la jogingi linalopanda alfajiri kutoka stesheni ya Kigoma hadi mtaa wa Mwanga, juu mlimani, hulitambui vizuri wakati linapanda, kwa sababu mlima huwachosha wote na kila mtu hupunguza mwendo. Litazame linaposhuka. Miongoni mwa watu thelathini hatakosekana mmoja anayeteremka upande upande, akitanguliza mguu uleule kila panapokuwa na mteremko mkali, kama anayeshuka ngazi gizani. Ukimuuliza aliumia lini, atafikiri kidogo, kisha atasema goti lilianza tu. Hakuanguka, hakugongwa, wala hakusikia kitu kikichanika. Jeraha hilo lisilo na tarehe ndilo linaloelezwa hapa.

Jeraha la kutumika mno ni madhara yanayoupata mfupa, kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa), msuli au gegedu (tishu laini na imara inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio) kutokana na mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi kuliko uwezo wa kiungo kujikarabati kati ya mkazo mmoja na mwingine. Mkazo wenyewe si kosa. Mfupa na kano huimarika kwa sababu hiyohiyo ya kukazwa, mradi vipate muda wa kupumzika, na hapo ndipo kiungo kinapotofautiana na kamba ya mtumbwi inayosuguana na ubao siku baada ya siku, ambayo kila ikisuguliwa hupungua tu. Jeraha huanza pale kazi inapoongezeka haraka kuliko ukarabati. Tatizo ni kwamba viungo vya mwili haviendi kwa kasi moja. Pumzi na misuli ya mtu mzima aliyeanza mazoezi huanza kuitikia ndani ya wiki chache, ilhali kano, ambazo hupata damu kidogo, na mifupa huhitaji miezi. Kwa hiyo mtu hujihisi ana nguvu kabla miguu yake haijawa tayari kuibeba nguvu hiyo.

Dhana hii ilianzia kwa askari kabla ya kuwafikia wanamichezo. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, aitwaye Breithaupt alieleza uvimbe na maumivu ya nyayo za askari waliotembezwa masafa marefu. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa, na ilipokuja ndipo ilipoonekana kwamba baadhi ya askari wa namna hiyo walikuwa na nyufa katika mifupa ya wayo, bila kuwahi kupigwa na kitu chochote.

Swali la jeraha hili hutokea mara ngapi linaonekana jepesi, lakini jibu lake hutegemea namna ya kuhesabu kuliko watu wengi wanavyodhani. Njia iliyozoeleka huhesabu jeraha pale tu mchezaji anapokosa mazoezi au mechi. Kwa mguu uliovunjika njia hiyo inatosha. Kwa jeraha la kutumika mno, ambalo mwenye nalo huendelea kucheza akiwa amefunga bandeji au amemeza dawa ya maumivu, njia hiyo ni sawa na kuvua dagaa kwa wavu wa migebuka, wenye macho makubwa, kisha kutangaza kwamba ziwa halina dagaa. Ukubwa wa tofauti hiyo ulionekana mwaka 2013, watafiti wa Oslo nchini Norwei walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia wanamichezo 313 wa michezo mitano kwa wiki 13. Njia ya kawaida ilinasa majeraha ya aina hii 40. Wanamichezo haohao walipoulizwa kila wiki maswali manne mafupi, yaani kama wanashiriki bila shida, kama wamepunguza mazoezi, kama uwezo wao umeshuka na kama wanasikia maumivu, yalipatikana matatizo 419. Binafsi naona mtu asiyejua takwimu hizo mbili zilipatikanaje hana haja ya kusoma takwimu nyingine yoyote ya mada hii, maana hataweza kuipima.

Kwa njia hiyo ya pili, watafiti hao walionyesha kwamba kwa wastani asilimia 36 ya wachezaji wa mpira wa wavu walikuwa na tatizo la goti wakati wowote ule. Kwa mpira wa magongo wa ukumbini, goti lilisumbua asilimia 27. Kwa waendesha baiskeli za mashindano, asilimia 23. Na kwa mpira wa mikono, bega lilisumbua asilimia 22. Hizi si hesabu za majeraha mapya kwa mwaka. Zinaeleza ni wachezaji wangapi, ukiingia uwanjani wiki yoyote, utawakuta wana tatizo la kiungo hicho.

Goti lenyewe linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu neno “goti” linaficha mambo mengi. Kuna maumivu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, ambayo mtu huyasikia akibonyeza kwa kidole gumba mahali pamoja tu, na ambayo huwapata zaidi wanaoruka. Utafiti mwingine wa Norwei, uliochapishwa mwaka 2005 na kuhusisha wanamichezo wa ngazi ya juu wa michezo tisa, uliyakuta kwa karibu asilimia 45 ya wachezaji wa mpira wa wavu na asilimia 32 ya wale wa mpira wa kikapu, huku waendesha baiskeli wakiwa hawana hata mmoja. Waendesha baiskeli nao huumwa magoti, kama tulivyoona, ila maumivu yao mara nyingi huwa nyuma ya pia ya goti au kuizunguka, hasa kiti kinapokuwa chini mno na goti likalazimika kukunjwa sana kila mzunguko wa pedali. Anayeazima baiskeli ya mtu mfupi kwenda nayo Ujiji na kurudi kila siku anaweza kulielewa hili bila kusoma utafiti wowote.

Kwa wakimbiaji takwimu hutawanyika vibaya. Mapitio ya tafiti za wakimbiaji wa masafa marefu yaliyotolewa mwaka 2007 yalikuta walioumia miguu ni kati ya asilimia 19.4 na asilimia 79.3, tofauti ambayo kwa sehemu kubwa inatokana na kila mtafiti kuwa na maana yake ya jeraha. Goti ndilo lililoongoza, na kwa wakimbiaji kwa jumla ugoko, kano ya kisigino na wayo huwa havikosekani katika orodha. Kipimo kinachosaidia zaidi ni majeraha kwa kila saa 1,000 za kukimbia. Mapitio ya mwaka 2015 yalipata majeraha 17.8 kwa wanaoanza na 7.7 kwa wanaokimbia kwa kujifurahisha waliokwisha kuzoea. Anayeanza huumia zaidi ya mara mbili kwa muda uleule, ingawa hukimbia taratibu na umbali mfupi. Ndiyo maana mtumishi wa ofisi aliyekaa kitini mwaka mzima, kisha akajiandaa na SHIMIWI, mashindano ya michezo ya watumishi wa serikali, kwa wiki tatu za netiboli ya kila jioni, yuko katika hatari tofauti kabisa na mchezaji wa ligi, hata kama wanatumia uwanja mmoja.

Soka ina majeraha mengi, lakini sehemu kubwa ni ya ghafla: kuteguka kifundo cha mguu, kuchanika nyama za nyuma ya paja, kugongana. Yanayokuja polepole huonekana zaidi kwenye kinena na kwenye kano za goti na kisigino, na ndiyo yanayopotea katika hesabu.

Mikono hulemewa katika michezo ya kurusha, kupiga na kuogelea, na bega ndilo hubeba mzigo. Kiwiko kina jina linalopotosha: “kiwiko cha tenisi” ni maumivu ya kano za upande wa nje wa kiwiko, na wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Kupinda kifundo cha mkono na kukaza kiganja mara maelfu kunatosha, iwe kwa nyundo au kwa kuvuta nyavu.

Yote haya yanapoletwa kwenye kundi lile la Mwanga, hesabu inakuwa ngumu kwa namna ya pekee, kwa kuwa kumbukumbu pekee iliyopo ni daftari la mahudhurio. Yule anayeshuka upande upande alikuja saa kumi na moja na nusu, akakimbia, akaimba, akamaliza na wenzake. Mbele ya jina lake, kama Jumamosi sita zilizotangulia, pana alama ya kuwa alihudhuria.