Fibrilesheni ya atria: katheta kwanza au vidonge kwanza?

"Anza na vidonge, katheta ni ya walioshindikana."

Ndivyo fibrilesheni ya atria, yaani kuvurugika kwa mapigo katika vyumba vya juu vya moyo (atria), ilivyotibiwa kwa miaka mingi. Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Utafiti wa EARLY-AF wa Kanada, uliochapishwa mwaka 2021, uligawa kwa kura wagonjwa 303 ambao hawakuwa wakimeza kila siku dawa za kutuliza mapigo. Wengine walitibiwa kwa puto la baridi linalopelekwa moyoni kwa katheta, wengine kwa vidonge, na wote wakawekewa kinasa mapigo chini ya ngozi. Mwaka ulipoisha, mapigo yalikuwa yamevurugika tena kwa 42.9% ya wa puto na 67.8% ya wa vidonge. Miongozo ya Marekani (2023) na Ulaya (2024) sasa inakubali kuanza na katheta kwa wagonjwa wanaofaa, hasa wale ambao ugonjwa huja na kuondoka wenyewe na kuwaletea dalili.

"Ukishafanyiwa, umepona."

Hiyo 42.9% ni ya waliofanyiwa! Katheta huingia kwenye vena ya kinena, ikapanda hadi moyoni, ukuta kati ya atria mbili ukatobolewa kwa sindano. Puto la milimita 28 hujazwa na kukazwa kwenye mdomo wa vena ya mapafu, likagandisha kwa dakika 3 au 4, kisha vena inayofuata. Kwa kawaida ziko nne. Kovu linalobaki ndilo linalozuia umeme usiotakiwa, na likiacha upenyo hata mdogo, umeme hupita. Mapigo yakivurugika wiki chache za mwanzo, usikate tamaa: tishu bado imevimba.

"Vidonge havina madhara."

Flekainidi, mojawapo ya vidonge hivyo, ni hatari kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo. Kingine, amiodaroni, huweza kuharibu tezi ya shingo, mapafu na ini.

"Mapigo yametulia, naacha dawa ya kuzuia damu kuganda."

Kwa maoni yetu, hili ndilo kosa baya kuliko yote. Dawa hiyo huendelea kwa angalau miezi 2 hadi 3 baada ya katheta, kwa kila mgonjwa. Baada ya hapo kinachoamua ni umri, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi cha zamani na mengineyo, hata kama ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni safi.

Na mwenye valvu ya mitrali iliyobanwa kwa homa ya rumatiki, hali isiyo ngeni Afrika Mashariki, asijipimie kwa takwimu za EARLY-AF. Yeye huzuia damu kuganda kwa warfarini, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Utafiti wa INVICTUS (2022) ulionyesha rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haikuifikia warfarini kwa wagonjwa kama hao.

"Nimeruhusiwa kwenda nyumbani, hatari imekwisha."

Uvimbe wa kinena huonekana mapema. Kinachotisha ni tundu kati ya atria na umio: ni nadra, lakini huua, na hujitokeza wiki 1 hadi 8 baadaye kwa homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi. Mwambie daktari wa zamu kwamba ulifanyiwa katheta ya moyo. Kipimo kinachohitajika ni CT ya kifua. Kamera ya umio isiingizwe, kwa sababu hewa inayopulizwa huweza kupenya hadi moyoni na kupanda kwenye ubongo.