Gari ni la modeli, rangi ni ya gari kamili

Wapenzi wa magari ya modeli wameongezeka, na malalamiko yanayofika mezani kwetu yameongezeka nao. Mengine yanatoka kwa majirani: harufu ya thina inaingia vyumbani kila mwisho wa wiki. Mengine yanatoka kwa wapulizaji wenyewe, ambao chupa zao zimezuiliwa uwanja wa ndege au posta. Tunaandika tukiamini kwamba hakuna anayekusudia kuvunja sheria wala kumdhuru mtu wa nyumbani kwake. Ila tunaomba hoja moja iachwe leo hii: "mimi napuliza kakitu kadogo tu."

Beskoti ya thina, yaani rangi inayotangulia tabaka la mng'ao, inayokwenda kwenye bodi ya 1/24 (gari lililopunguzwa mara 24) ni ileile inayokwenda kwenye gari la barabarani. Ukimtajia mchanganyaji namba ya rangi ya Toyota, tuseme 040 kwa nyeupe, 202 kwa nyeusi au 1F7 kwa ya fedha, anakupimia kutoka makopo yaleyale anayompimia fundi wa gereji. Zile za chupa ndogo wanazouziwa wanamodeli, kama Zero Paints ya Uingereza, zimeshazimuliwa tayari kwa brashi ya hewa, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kilichomo chupani ni thina, na yote itaishia hewani.

Tufanye hesabu, kwa kuwa maneno peke yake yamekuwa hayasikiki. Bodi moja ya 1/24 hula kama mililita 20 hadi 30 za rangi iliyozimuliwa. Ukijumlisha na ya kuoshea brashi, mililita 20 za toluini, kimiminika kilichomo kwenye thina nyingi, ni makadirio ya upole. Zikigeuka mvuke hutoa takriban lita 4.6. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, dari mita 2.7, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie. Humo utapata wastani wa sehemu 190 za toluini kwa kila milioni ya hewa. Uingereza imemwekea mfanyakazi kikomo cha 50 kwa wastani wa saa 8, na 100 kwa dakika 15. Kakitu kadogo kameshavuka vyote viwili kabla gari halijapata tabaka la pili la klia, ile rangi angavu ya juu.

Mvuke huohuo ukijikusanya ndani ya nafasi ya lita 380, yaani kabati dogo la nguo, unafika kiwango cha kuwaka. Toluini huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na kwa joto la Dar es Salaam hilo halihitaji maelezo. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi darini kama moshi. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, na hulifuata jiko la gesi au la mkaa huko liliko.

Hivyo feni ya mezani inayokupulizia kutoka mgongoni si kinga. Kinachotakiwa ni kibanda kidogo cha kupulizia chenye bomba linalotoa hewa nje ya nyumba, na mdomo wake uvute hewa kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Mdomo wa sentimita 50 kwa 40 unahitaji feni inayovuta mita za ujazo 6 kwa dakika. Vibanda vingi vya bei nafuu vimeandikwa 3 au 4, tena kabla ya kufunga bomba, na bomba refu lenye kona hupunguza zaidi. Sponji ya nyuma hunasa unga wa rangi, mvuke unapita. Mota isikae katikati ya njia ya hewa, kwa sababu mota ya brashi za kaboni hutoa cheche. Kupima kama kibanda kinavuta, shika utepe wa karatasi laini mdomoni mwake uone unainama kuelekea ndani. Usipime kwa moshi wa udi, sababu tumeshaieleza.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali hazizuii mvuke hata kidogo. Tafuta barakoa ya mpira yenye vichujio vya A2P2 au A2P3: mstari wa kahawia ni wa mvuke, mweupe ni wa chembe. Ndevu huvunja mziba wa barakoa usoni. Kichujio kilichoachwa wazi mezani kinaendelea kunyonya mvuke wa chumba, kwa hiyo kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa kila umalizapo.

<b>Kupuliza kwa mpangilio</b>

Thina nyingi hupotea kwa kurudia kazi iliyoharibika, ndiyo maana tunaingia hapa. Polistirini, plastiki ya bodi hizi, huyeyuka kwa toluini. Beskoti ikitua juu ya plastiki tupu, uso unakunjamana na kuota nyufa nyembamba kama ardhi ya kiangazi, na mistari ya milango inajaa. Piga msasa wa 1000 hadi 1500, osha kwa sabuni, kausha, kisha puliza praima, rangi ya msingi, uiache saa 24. Plastiki nyekundu ina tatizo lake: rangi yake hupenya na kuigeuza nyeupe kuwa ya waridi. Praima nyepesi ya kijivu haitoshi kuizuia.

Sindano ya milimita 0.3 hadi 0.5, presha ya 18 hadi 25 psi, umbali wa sentimita 8 hadi 12. Beskoti ya duka la magari izimuliwe kwa sehemu moja ya rangi na sehemu moja ya thina, au moja na nusu ya thina, mpaka itiririke ukutani mwa kikombe kama maziwa. Mkupuo wa kwanza uwe kama vumbi tu, praima ionekane chini yake. Subiri dakika 5 hadi 10. Rudia mara tatu hadi tano, kila mkupuo ukiwa mzito kidogo kuliko uliotangulia, na usiloweshe. Rangi za fedha zimalizie kwa mkupuo mmoja mkavu kiasi kutoka sentimita 15, la sivyo chembe za alumini zitajikusanya kwa mabaka.

Beskoti hukauka bila mng'ao. Ndivyo ilivyotengenezwa. Watu huona imefifia, wanadhani rangi haitoshi, wanaongeza tabaka la sita na la saba. Thina inanaswa chini, na wiki moja baadaye klia inapasuka. Mng'ao ni kazi ya klia.

Pwani tuna adui mwingine, unyevu. Thina ya haraka inapokauka hupoza uso, na uso uliopoa huvuta maji kutoka hewani. Rangi nyeusi inatoka na ukungu mweupe. Tumia thina ya kukauka polepole, puliza mchana badala ya alfajiri, funga mtego wa maji kwenye mpira wa kompresa, na mwaga maji ya tangi kila siku ya kazi. Uso ukiwa wa kukwaruza kama msasa, ama umesimama mbali mno, ama presha imezidi: matone yanakauka kabla ya kufika. Ukiona utando kama wa buibui, ongeza thina. Vishimo vidogo vya mviringo ni silikoni, kwa kawaida kutoka kwenye dawa ya kung'arisha dashibodi iliyopulizwa chumba hichohicho.

Usikaushe kwenye oveni ya jikoni. Nyuzi 45 zinatosha, na zaidi ya 60 bodi inaanza kupinda.

<b>Klia ya hadina</b>

Klia ya chupa mbili hukauka kwa hadina, yaani kigumishi kinachochanganywa nayo, yenye kemikali iitwayo isosayaneti. Mtu ambaye mwili wake umepata mzio wa isosayaneti hupata pumu ambayo inaweza kuamshwa tena na kiasi kidogo mno, miaka mingi baada ya kuacha kazi. Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 0.02 kwa mita ya ujazo kwa saa 8. Ukungu wake kwa sehemu kubwa hauonekani, na ukiweza kunusa isosayaneti umeshavuka kikomo siku nyingi. Kwa sababu hiyo barakoa ya vichujio haitegemewi: hakuna harufu ya kukuonya kwamba kichujio kimechoka. Mafundi wa magari hutakiwa kuvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Baadhi ya hadina kutoka Ulaya zina maandishi kwamba tangu 24 Agosti 2023 mtumiaji wa kikazi lazima awe amepata mafunzo. Hayo si mapambo ya lebo.

Ushauri wetu kwa anayepulizia nyumbani ni mfupi: tumia klia ya chupa moja isiyo na hadina. Itachukua tabaka nyingi zaidi na haivumilii petroli, lakini gari la rafuni haliwekwi petroli.

Na kuhusu maziwa. Kunywa maziwa baada ya kupuliza hakuondoi chochote. Rangi iko mapafuni, maziwa yanakwenda tumboni. Tumelieleza hili kwenye redio, kwenye vipeperushi na kwenye mafunzo ya mafundi, na bado tunaulizwa kama mtindi unafaa zaidi. Haufai zaidi. Mtoto akinywa thina usimpe maziwa wala usimtapishe, kwa sababu ikirudi juu inaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali ukiwa na chupa yenye lebo. Kwa hiyo thina isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

<b>Kuagiza na kusafirisha</b>

Rangi na thina kwa usafiri wa anga ni bidhaa hatari namba UN 1263, daraja la 3 (vimiminika vinavyowaka), mara nyingi kundi la ufungashaji la II, la hatari ya kati. Abiria haruhusiwi kuzibeba, iwe begi la mkononi au la kupakiwa. Makopo ya kupuliza ya rangi na praima yamo katika katazo hilohilo. "Lakini chupa ni ya mililita 60 na kimiminika kinaruhusiwa hadi 100" ni kuchanganya mambo mawili: kile kikomo cha 100 kinahusu ukaguzi wa kiusalama kwa vimiminika vilivyoruhusiwa, nacho hakigeuzi kinachowaka kuwa kisichowaka. Brashi ya hewa yenyewe inaweza kusafiri ikiwa imeoshwa, imekauka na haina harufu. Kikigunduliwa kimiminika, mzigo unafunguliwa, chupa inatolewa na hairudishwi. Kumwomba ndugu anayetoka Dubai au London akubebee bila kumweleza ni kumtwisha yeye kosa.

Posta ya ndege haipokei vimiminika vinavyowaka. Njia halali ni shehena. Kwa kundi la II, ndege ya abiria inapokea hadi lita 5 kwa kifurushi na ya mizigo hadi lita 60, kwa vifungashio vilivyoidhinishwa na tamko la bidhaa hatari lililosainiwa na mtumaji. Upo utaratibu wa viwango vidogo usiohitaji tamko hilo: chupa ya ndani isizidi mililita 30 na kifurushi kizima kisizidi mililita 500, pawe na nyenzo ya kunyonya, kifurushi kihimili kuangushwa kutoka mita 1.8, na kiwe na alama yenye pindo za mistari myekundu au myeusi. Chupa ya mililita 60 haiingii hapo. Mtumaji anayeandika "vifaa vya sanaa" kwenye hati ametoa tamko la uongo, na jukumu ni lake, si la mpokeaji wala wakala.

Ukiagiza kwa wingi ili kuuza, mambo ni mengine. Nchini Tanzania, Sheria Na. 3 ya 2003 inamtaka anayejishughulisha na kemikali za viwandani na majumbani asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi liambatane na karatasi ya taarifa za usalama yenye vipengele vyake vyote 16. Ukurasa mmoja uliopigwa picha kutoka kwenye lebo haupokelewi. Shehena isiyo na nyaraka huzuiwa, na gharama za kuitunza au kuiteketeza ni za mwagizaji. Vivyo hivyo, ukimlipa kijana akupulizie magari ya kuuza, sebule yako imekuwa sehemu ya kazi chini ya Sheria Na. 5 ya 2003, ya usalama na afya mahali pa kazi: isajiliwe, ikaguliwe, na kijana apimwe afya. Jina la hobi halikuondolei majukumu ya mwajiri.

<b>Mabaki</b>

Thina chafu isimwagwe sinki wala mtaroni. Iache kwenye kopo la chuma lenye kifuniko siku mbili. Rangi itatuama chini, na thina ya juu itafaa kwa suuza ya kwanza. Matambara yatandazwe nje yakauke kabla ya kutupwa. Usisafishe brashi kwa kurudisha hewa kikombeni bila barakoa, maana ukungu wote unakurukia usoni. Kopo la hadina lililoingiwa na unyevu hutengeneza gesi ya kaboni dioksaidi: ukiona limevimba, usilikaze kifuniko. Litoe nje kivulini, mbali na watoto, ukiwa umevaa miwani na glavu, na ulegeze kifuniko taratibu.